Mchungaji Asiyesikika

Malalamiko ya kwanza yalitoka Mbalizi. Mama mmoja alipiga simu kwenye kituo chetu cha televisheni akasema anamwona mchungaji akihubiri, anaona mdomo ukifunguka na mkono ukiinuka, lakini sauti yake haipo. Ngoma anazisikia, watu wanaoitikia "Amina" anawasikia, mchungaji mwenyewe hamsikii. Aliyepokea simu akamwambia aongeze sauti. Mama akajibu kwamba ameshaongeza mpaka mwisho, na sasa ngoma zinawaamsha majirani. Siku zilizofuata simu zikaja kutoka Iyunga, kutoka Uyole, kutoka Igawilo, na kila mtu alisema jambo lile lile kwa maneno yake. Sisi tuliokuwa chumba cha mitambo tulivaa hedifoni tukamsikia mchungaji vizuri kabisa, neno kwa neno.

Jambo hilo lilininyima mshahara, likanitia madeni, na nusura linitoe katika kazi niliyoipenda tangu ujana. Mungu alinivusha, na alinivusha kwa mikono ya watu: mke wangu, mzee mmoja wa Iringa, na mtoto wa shule ya msingi ambaye nadhani hajui mpaka leo alichonifanyia. Nalitolea ushuhuda kwa sababu najua wako mafundi wenzangu, Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, wanaolaumiwa sasa hivi kwa kosa wasilolijua, wakiwa wamekaa mbele ya mitambo inayowaambia kila kitu kiko sawa.

Mimi ni fundi mitambo, na upande wangu ni sauti. Nilisoma umeme na elektroniki Mbeya, chuo chetu kikiwa bado chuo cha ufundi, kabla hakijapanda hadi kuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Televisheni ilichelewa kwetu Bara. Zanzibar walikuwa na ya kwao, ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza Dar es Salaam, na televisheni ya taifa ikaja mwaka 2000. Kwa hiyo fundi wa rika langu aliyekulia Nyanda za Juu alijifunza sauti kwanza kwenye spika za kanisani na kwenye redio, picha akaikuta ukubwani. Nilianza kwa kufunga maiki kwenye mikutano ya injili, nikarekodi kwaya, kisha nikaajiriwa na kituo kidogo cha televisheni ambacho sitakitaja. Tulikuwa na mixer ya analojia, maiki nzuri zilizotunzwa, kamera kadhaa za zamani, na uzoefu.

Kisha ikaja dijitali. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kwamba ulinzi wa masafa ya televisheni ya analojia ungekoma tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja siku hiyo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianza kuzima Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ikaendelea na Dodoma na Tanga, Mwanza, Arusha na Moshi, na mwishoni mwa Aprili 2013 ikafika Mbeya. Iringa ilifuata baada yetu. Wananchi wanaukumbuka mwaka ule kwa foleni za kununua ving'amuzi. Sisi wa nyuma ya pazia tunaukumbuka kwa jambo jingine. Zamani kituo kilikuwa na mnara wake na mtambo wake wa kurushia. Sasa kurusha kulikuwa mikononi mwa kampuni chache zenye leseni ya kubeba vituo vingi kwa pamoja, na kila kituo kilitakiwa kuwakabidhi kipindi kikiwa tayari: picha na sauti ndani ya waya mmoja.

Hapo kwenye waya mmoja ndipo maisha yangu yalipogeukia, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nieleze.

Katika analojia, picha ilikuwa na waya wake na sauti ilikuwa na waya wake, kutoka studio mpaka kwenye mtambo. Katika mfumo unaoitwa SDI, picha ya kawaida husafiri kama mkondo wa tarakimu, biti milioni 270 kila sekunde, kwenye kebo moja ya koaksia yenye kichwa cha BNC. Picha ile ina mistari 625, na fremu 25 kila sekunde. Kati ya mstari na mstari kuna nafasi tupu, iliyobaki tangu enzi za televisheni za kioo kinene, pale mwale ulipokuwa ukirudi upande wa pili kuanza mstari mpya. Wahandisi waliamua nafasi ile isipotee bure. Sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na vipimo vyake hupachikwa humo, vitatu au vinne katika kila mstari. Nafasi inatosha chaneli 16 za sauti, zilizopangwa katika makundi manne ya nne nne. Upande wa pili anayepokea huzitoa tena. Nilipoelewa hilo kwa mara ya kwanza nilifurahi sana. Hadi leo naliona kuwa moja ya mambo mazuri kabisa katika fani yetu, kwamba pengo ambalo mtazamaji hakuwahi kuliona ndilo lililobeba sauti.

Kituo chetu hakikuwa na fedha za kununua mixer ya dijitali. Wakaja wakandarasi kutoka mbali, wakafunga visanduku viwili: kimoja cha kugeuza picha ya kamera kuwa SDI, na kingine cha kupachika sauti ya analojia ndani yake. Walifanya kazi haraka, wakakabidhi, wakaondoka. Zamani tulikuwa tukirusha sauti ya chaneli moja tu. Mixer ilikuwa na tundu la mono, basi. Sasa tukaanza kupeleka mbili, kushoto na kulia. Kwenye hedifoni sauti ya mhubiri ilisikika imetanda, kama inatoka pembeni badala ya katikati, na wapo walioisifu wakasema huo ndio utamu wa dijitali.

Simu zilipozidi, mwenye kituo akawauliza wakandarasi. Wakajibu kwa maandishi kwamba visanduku vyao ni vizima, tatizo liko kwenye mixer na kwa anayeiendesha. Aliyekuwa akiiendesha ni mimi. Kabla ya hapo nilikuwa nimesema wazi kikaoni kwamba maiki zetu na mixer yetu zitunzwe, zisitupwe kwa sababu tu ni za analojia. Maneno hayo yakarudi yakageuzwa: huyu hataki dijitali, huyu anahujumu. Nikaambiwa mshahara wangu utasimama mpaka sauti ipatikane.

Sikuwa na pa kujitetea. Nilipima mixer, iko sawa. Nilivuta tena kebo, nikabadilisha maiki, nikasikiliza kwenye hedifoni, mchungaji yupo. Mtu mmoja wa mtaa wa Forest alisema anasikia, jirani yake ukuta kwa ukuta akasema hasikii, na wote wawili walikuwa na ving'amuzi vya aina moja. Kazini wakasema tatizo ni televisheni mbovu za watu. Mimi nilizijua zile nyumba. Ni watu waliouza magunia ya viazi ili wanunue king'amuzi baada ya kuambiwa kwamba bila hicho hawataona kitu, na sasa wanaambiwa ubovu ni wao. Hilo liliniuma kuliko mshahara.

Lakini mshahara nao ulikuwa na mambo yake. Tulikuwa tumepanga Mwanjelwa. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, lakini wema wa mwenye nyumba una kikomo chake. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bweni Iringa, na barua ya michango ilifika wakati sina hata nauli ya kumfuata. Mke wangu hakuniuliza kitu. Alichukua mtaji mdogo wa kikundi chao cha akina mama, akaanza kwenda Uyole alfajiri kununua viazi kwa wakulima na kuviuza rejareja sokoni. Mbeya ya Juni na Julai baridi yake inajulikana. Alikuwa akirudi vidole vimekufa ganzi, anavipasha kwenye jiko la mkaa, kisha ananiuliza, "Baba, leo umepata nini kwenye ile sauti?" Aliuliza kila siku kwa utulivu ule ule, kama anayejua kwamba kuna siku nitakuwa na jibu. Watu wengi walinishauri niachane na mambo ya televisheni. Ndugu yangu aliyekuwa kwenye mbao Mafinga akaniita nikasimamie msumeno. Mke wangu peke yake hakusema niache.

Tulisali. Sitaki kupita hapo haraka, maana huu ni ushuhuda. Tulisali usiku, watoto wakiwa wamelala, hatukuomba muujiza. Tuliomba nionyeshwe mtu wa kumuuliza.

Mtu huyo alikuwa Iringa. Nilimkumbuka mzee mmoja aliyefanya kazi ya sauti redioni enzi za tepu za robo inchi, akastaafu, akajenga Kihesa. Nilimfahamu tangu nilipokuwa kijana wa kubeba spika kwenye mikutano. Nikapanda basi. Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, kisha Makambako, misitu ya Sao Hill pale Mafinga, Ifunda, mpaka unateremka Ipogolo na kupanda mlima wa mjini. Njia nzima nilikuwa nimepakata begi lenye kebo na karatasi nilizochora mtambo mzima, kutoka maiki mpaka kwenye visanduku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Karibu ukae, chakula kwanza."

Tulikula ugali na mboga ya maboga, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Hakugusa zile karatasi mpaka mkewe alipoondoa vyombo. Ndipo akavaa miwani, akazifuata kwa kidole mstari kwa mstari, bila kusema neno. Mwisho akauliza swali moja: "Mmewahi kuzikusanya hizi mbili ziwe moja mkasikiliza?"

Nikamwambia hapana, tunasikiliza kwa hedifoni, kushoto na kulia.

"Hedifoni zinatenganisha masikio," akasema. "Mtu wa kijijini ana spika moja. Msikilize kwa spika moja."

Alinifundisha jioni ile jambo ambalo nilikuwa nimelisoma chuoni kama hesabu tu. Kebo ya sauti ya kitaalamu ina nyaya tatu. Ya kwanza ni ngao, ya pili na ya tatu hubeba sauti ile ile, lakini moja ikipanda nyingine inashuka. Ukizibadilisha ya pili na ya tatu kwenye chaneli moja, chaneli hiyo inageuka kichwa chini miguu juu. Kila sikio peke yake halitajua kitu, litasikia sauti kamili. Lakini mtu anayesema katikati anaingia kushoto na kulia kwa nguvu sawa. Ukizikusanya chaneli zote mbili kwenye spika moja, upande mmoja unasukuma wakati ule ule mwingine unavuta, na jumla yake ni sifuri. Mhubiri anatoweka. Ngoma zilizo na maiki zake upande mmoja, na watu wanaoitikia ukumbini, hawatoweki, kwa sababu sauti zao hazilingani pande mbili. Kile mama wa Mbalizi alichokisema kwenye simu kilikuwa maelezo sahihi kabisa ya kitaalamu. Alikuwa amepima kuliko sisi.

Mzee alinipa pia transfoma mbili ndogo za sauti, kutoka kwenye kabati lake, zimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nimemweleza kwamba tukiwasha jenereta kuna mngurumo unaoingia chini ya kila kitu. Akasema huo ni umeme wa hezi 50 unaozunguka kwenye ngao za kebo kwa sababu ethi ya ukumbi na ethi ya chumba cha mitambo si moja. Transfoma hupitisha sauti bila kuunganisha nyaya, kwa hiyo mzunguko unakatika. Nilitaka kumlipa. Akasema nitamlipa nitakapomfundisha mwingine.

Niliporudi Mbeya sikuruhusiwa kugusa visanduku. Vilikuwa chini ya dhamana ya wakandarasi, na nilikuwa mtuhumiwa. Nilihitaji ushahidi ambao mtu asiye fundi angeuona kwa macho yake. Nikaenda Mbalizi kwa yule mama wa kwanza, nikajitambulisha, nikaomba kuona televisheni yake. Ilikuwa ndogo, ya zamani, yenye tundu moja tu la sauti. Aliyemfungia alinunua kiunganishi cha bei ndogo kinachokusanya waya mwekundu na mweupe wa king'amuzi kuwa mmoja, akachomeka. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza naangalia, mjukuu wake aliyekuwa ametoka shule akaniambia, "Baba mdogo, ukichomoa huo mwekundu anaongea."

Akauchomoa mwenyewe. Mchungaji akasikika, wazi, katikati ya sentensi.

Akaurudisha. Mchungaji akanyamaza, ngoma zikabaki.

Nilimwomba arudie, na machozi yalinitoka. Mtoto alikuwa amegundua dawa siku nyingi, lakini hakuna mkubwa aliyemuuliza. Na hapo nikaelewa pia wale majirani wawili wa Forest: mmoja alichomeka waya mmoja tu kwa sababu televisheni yake ilikuwa na tundu moja, mwingine alikusanya zote mbili kama alivyoelekezwa dukani. Aliyefuata maelekezo ndiye aliyekosa mahubiri.

Nilimrekodi mtoto kwa simu akichomoa na kuchomeka. Nikampelekea mwenye kituo video ile, sikuongeza neno. Aliitazama mara kadhaa, kisha akaniita na kuniruhusu kufungua kebo mbele yake na mbele ya mhasibu. Chaneli ya kulia, pale kebo ya mixer inapoingia kwenye kisanduku cha kupachika sauti, waya wa pili ulikuwa umelehemiwa mahali pa tatu na wa tatu mahali pa pili. Kazi yenyewe ilikuwa safi na inang'aa, ila imekosewa. Niliiyeyusha, nikazirudisha, nikaikusanya sauti kwenye spika moja mezani kwake. Mhasibu akasema, "Kumbe ndiyo hiyo tu?" Ndiyo, ilikuwa hiyo tu. Nyaya mbili fupi kuliko kucha zilikuwa zimesimamisha chakula nyumbani kwangu.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Sauti ilipokuwa wazi ndipo watu walipoona kwamba inatangulia midomo. Mhubiri alikuwa akisikika kabla hajafungua kinywa, na mpiga ngoma alisikika mkono ukiwa bado juu.

Chanzo chake ni hiki. Kisanduku kinachogeuza picha ya kamera ya zamani kuwa dijitali hulazimika kuishika fremu nzima kabla ya kuitoa, ili ilingane na saa ya mtambo. Fremu moja ni milisekunde 40. Picha ikipita sehemu mbili za namna hiyo inachelewa milisekunde 80. Sauti ya analojia, yenyewe, inafika kwenye kisanduku cha kupachika papo hapo, na inapachikwa kwenye picha iliyopita. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, unashauri sauti isitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40 wala isichelewe kwa zaidi ya 60. Utaona kwamba kuchelewa kunavumiliwa kuliko kutangulia, na mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini. Simama Sao Hill umtazame mkata miti aliye mbali: unaona shoka likitua, kisha unasikia mlio. Katika dunia aliyoiumba Mungu mlio haujawahi kufika kabla ya shoka, na ubongo unaukataa ukifanya hivyo, hata kama mtazamaji hawezi kutaja kinachomkera. Anabadilisha tu kituo.

Mkurugenzi wa vipindi alitaka tununue kifaa kipya. Hapakuwa na fedha. Nikakumbuka kwamba makanisa makubwa yenye spika za mbele na za nyuma hutumia kifaa cha kuchelewesha sauti, ili spika za nyuma zisitangulie za mbele. Usharika mmoja wa Iringa ulikuwa nacho stoo, haukitumii. Mzee wangu aliniombea, kikaja na basi. Nilikifunga kati ya mixer na kisanduku. Kisha nikamsimamisha kijana mbele ya kamera apige kofi, tukarekodi kile kinachotoka mwisho wa mtambo, tukakiangalia fremu moja moja kwenye kompyuta: mikono inakutana wapi, na mlio unaanzia wapi. Tuliongeza na kupunguza mpaka vikakaa pamoja. Kipimo cha kofi ni cha bure na hakidanganyi. Nashangaa kwamba bado viko vituo vinavyorusha habari kila jioni bila kuwahi kukifanya.

La mwisho lilikuwa kiwango cha sauti, na hili nitalisema kwa kifupi. Katika analojia, sauti ikizidi hukwaruza taratibu, inakuonya. Katika dijitali kuna dari, na ukiligonga sauti inakatwa kichwa hapo hapo. Ulaya wanaweka alama ya kupimia desibeli 18 chini ya dari, Marekani 20, na hata volti wanazoanzia si sawa, hivyo kifaa cha mfumo mmoja kikiunganishwa na cha mfumo mwingine dari linapishana kwa desibeli 6. Ndiyo maana kwaya zetu zilikuwa zikipasuka pale waimbaji wa sauti ya kwanza wanapopanda. Nilipiga mlio wa hezi 1,000 kutoka kwenye mixer, nikaupanga upya hadi mwisho wa njia, nikaandika vipimo kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Mshahara ulirudishwa, na malimbikizo nililipwa kidogo kidogo. Hakuna aliyesema samahani kwa neno la hujuma, nami nimeshalisamehe. Mke wangu hakuacha viazi. Biashara ilikuwa imeota mizizi, na ndiyo iliyotusomeshea watoto waliofuata. Baada ya muda niliacha ajira, nikaanza kuzunguka: Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Tukuyu, nikifunga na kurekebisha sauti kwenye vituo vidogo, makanisa na misikiti inayorusha ibada. Siku hizi kuna visanduku vidogo vinavyoshikika kiganjani, vya Blackmagic Design ya Australia na wengine, vinavyopachika sauti ya analojia ndani ya SDI kwa gharama ambayo kituo cha wilayani kinaweza kuibeba. Ni vyombo vizuri. Lakini kisanduku hakijui kama kebo uliyokichomekea imegeuzwa, wala hakimjui mtu mwenye spika moja.

Yule mzee amefariki. Kabla ya hapo nilimpelekea kijana wa kwanza niliyemfundisha, msichana kutoka Makete aliyemaliza VETA, akamwonyesha kebo aliyoilehemu mwenyewe. Mzee aliigeuza geuza mwangani, akamuuliza ameisikiliza kwa spika ngapi. Akajibu, "Moja, babu." Akacheka, akaniambia deni limekwisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi matatu. Wenye vituo: mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho mpaka sauti isikilizwe kwa spika moja na kofi lipigwe mbele ya kamera, mambo hayo mawili hayamalizi nusu saa. Walimu wa vyuo vya ufundi, Mbeya, Iringa na kwingineko: mfundisheni mwanafunzi kugeuza kebo kwa makusudi, aisikie sauti ikitoweka, kabla hajakutana na jambo hilo kazini akiwa na familia nyuma yake. Na wewe fundi kijana uliyetuhumiwa, usiuze vifaa vyako bado. Funga begi, nenda nyumbani kwa mtu aliyepiga simu, ukaangalie nyuma ya televisheni yake jinsi waya zilivyochomekwa, na watoto wa nyumba hiyo uwaulize wanachokijua.